Rangi ya blues iko kwenye kodi za wimbo, si kwenye skeli mpya

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alipanda daladala kutoka Usa River hadi kwangu Kijenge, Arusha, gitaa mgongoni, kuja kuniuliza swali ambalo mwaka huu nimeulizwa mpaka nimeacha kuhesabu. "Shikamoo mwalimu. Solo zangu za blues zina rangi moja tu. Nipe skeli nyingine."

Marahaba, nikamwambia, hebu piga kwanza. Nikamwekea traki ya blues ya baa 12 (vipande 12 vya mapigo manne manne vinavyojirudia), ki ya A, mwendo wa taratibu. Kwenye simu alikuwa amehifadhi picha za skeli, yaani mipangilio ya noti za kupigia solo, zaidi ya kumi: miksolidiani, doriani, diminishi, nyingine hata mimi sijawahi kuzipiga mbele ya watu. Vidole vyake viko vizuri, tena vina kasi. Lakini kila skeli aliyoijaribu ilitoka na ladha ileile. Nikaisimamisha traki katikati ya solo nikamuuliza, hapa tulikuwa kodi gani, yaani noti zipi zinalia pamoja chini ya solo? Hakujua. Nikairudia mara nne. Alipatia mara moja, na nadhani alibahatisha.

Shida yote iko hapo, na inaniuma kwa sababu vijana wanatumia miezi wakihangaika mahali ambapo dawa haipo. Noti haina rangi yake yenyewe. C ni C. Inapata rangi kutokana na kodi inayolia chini yake. Kama hujui kilichoko chini, hata ukipewa skeli mia utakuwa unapaka rangi gizani.

Twende kwenye pentatoniki mainori ya A, ile skeli ya noti tano ambayo kila mtu anaanza nayo: A, C, D, E, G. Halafu kodi zetu tatu, A7, D7 na E7. Noti inayoitambulisha kodi kuliko zote ni ya tatu yake, ukihesabu kuanzia noti inayoipa kodi jina. Ya tatu ya A7 ni C#. Ya D7 ni F#. Ya E7 ni G#. Sasa zitafute hizo tatu ndani ya pentatoniki. Hakuna hata moja! Ndiyo maana solo yako inaelea juu ya wimbo kama mafuta juu ya maji, haichanganyiki. Si kwamba noti tano ni chache. Ni kwamba zile tatu zinazosema "sasa tumehama" hazimo.

Huyu kijana anaimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya usharika wao, na hilo lilituokoa, maana mtu wa kwaya ana solfa kichwani kuliko mpiga gitaa yeyote niliyemfundisha. Nikaachana na majina ya skeli, nikamwambia A ndiyo do yetu. Kila kodi ya saba ina noti mbili za kushika: ya tatu na ya saba. A na E za A7 muachie mpiga besi, ni kazi yake. Wewe shika mi na ta, yaani C# na G. Kodi ikihamia D7, mi inashuka nusu toni (freti moja ya gitaa) inakuwa ma, yaani C, na ta inashuka nusu toni inakuwa la, yaani F#. Ikienda E7, mi inapanda nusu toni inakuwa fa, yaani D, na ta inapanda nusu toni inakuwa ti, yaani G#.

Soma tena polepole, maana ndicho kitu kizuri kuliko vyote ninavyojua kuhusu blues. Kwenye gitaa iko hivi: uzi wa 4 freti ya 5 na uzi wa 3 freti ya 6, hiyo ni A7. Sogeza mkono nyuma freti moja, hiyo ni D7. Rudi ulipoanzia kisha sogea mbele freti moja, hiyo ni E7. Vidole viwili, umbo moja, freti tatu, na blues nzima imo. Nikamwambia apige solo nzima kwa noti hizo mbili tu, moja moja, hakuna kingine. Baa ya 5 ilipoingia na D7 yake, akatua kwenye F# kwa wakati wake, kisha akanitazama kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Rangi hiyo hapo. Skeli haikuongezwa hata moja.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi tunalijua hili siku zote. Msikilize mpiga solo yeyote mzuri wa muziki wa dansi, tangu enzi za Mbaraka Mwinshehe pale Morogoro. Kodi ikigeuka, na solo inageuka, kwa sababu sehemu kubwa ya anachopiga ni kodi yenyewe iliyovunjwa noti moja moja. Hao hao vijana ukiwapa sebene wanafuata kodi bila kuambiwa. Waambie "blues" tu, wanafumba macho, wanajifungia kwenye kisanduku cha pentatoniki cha freti ya 5 na hawatoki. Nani aliwaambia kwamba blues haina kodi?

Na wasiniambie kwamba hii ni jazi. B.B. King, mpiga gitaa wa blues wa Marekani, alikiri hadharani kuwa kodi si fani yake, hakuwa hodari wa kuzipiga. Lakini sikiliza anapotua. Alizisikia. Mwaka 1974 alipiga Kinshasa, kwenye tamasha lilelile walilopanda Franco na TPOK Jazz, na picha na sauti za tamasha hilo zipo. Wasikilize wote wawili siku moja. Mmoja anapiga noti chache sana, mwingine noti nyingi zinazozunguka, na wote wawili unaweza kuzima bendi ukajua kodi imefika wapi.

Sasa jambo ambalo hata wanaofundisha wanalipitia harakaharaka. Ile C. Kila mtu anafundishwa kuvuta uzi kidogo kwenye C, uzi wa 3 freti ya 5, ili ikae kati ya C na C#. Sawa, kilio cha blues kiko hapo. Lakini wanafunzi wangu wanaivuta kila mahali, kwa mazoea ya kidole. Kwenye A7 ivute, kwa sababu inaielekea C# ambayo ndiyo ya tatu ya kodi. Kwenye D7 iache kabisa! Pale C ndiyo ya saba ya kodi, imeshafika nyumbani, ukiivuta kuelekea C# unaiharibu D7 na mpiga kinanda anakunja uso. Kwenye E7 hiyo C haina pa kukaa, inabanana kati ya B na C#, kwa hiyo ipite haraka au uende kwenye G na kuivuta hiyo kuelekea G#. Noti ileile, uzi uleule, kazi tatu tofauti. Nimewasikia wapiga gitaa wa miaka ishirini kazini, kwenye mahoteli ya watalii hapa mjini, wanaivuta C kwenye D7 usiku kucha.

Ivutwe kiasi gani kwenye A7? Zamani nilikuwa nafundisha "robo toni", kwa sababu inaandikika ubaoni. Nimeacha. Nilijirekodi nikipiga sentensi moja kwa wiki kadhaa na hakuna siku mbili nilizovuta sawa. Wimbo wa taratibu navuta kidogo na kwa kuchelewa, wimbo wa kasi navuta karibu na C# kabisa. Kanuni sina, na sasa sidhani kama ipo. Mwimbaji hapimi, na gitaa la blues linaiga mwimbaji.

Kuna shaka nyingine ambayo lazima niiseme, la sivyo nitakuwa nawadanganya. Albert King, naye mpiga gitaa wa blues, alijenga jina lake kwa noti chache na kuvuta nyuzi kwa nguvu, na pentatoniki yake haikubadilika sana kodi ikibadilika. John Lee Hooker mara nyingi alikaa kwenye kodi moja wimbo mzima. Muziki wao haukosi rangi hata kidogo. Kwa hiyo C ikigongana na C# ya A7 inapendeza, na nadharia niliyosoma ingesema inakera. Maelezo ninayojipa ni kwamba masikio yetu yanaisikia C ile kama sauti ya mtu, si kama sehemu ya kodi. Siridhiki nayo sana. Ninachoweza kusema ni kwamba wale wazee walichagua kubaki. Kijana wangu hakuwa amechagua, alikuwa amepotea.

Ukishazishika zile noti mbili, mengine ni mepesi. F# juu ya A7 ni ya sita, tamu, B.B. King aliipenda. B ni ya tisa, iko karibu na do na inaipa kodi hewa. Changanya hizo na ma yako, usizipange kama ngazi. Baa ya 6 jaribu D# badala ya D: D7 ukiipandisha ile noti inayoipa jina nusu toni unapata kodi ya diminishi ya D#, yenye F#, A na C zilezile, na inakurudisha A7 vizuri, E ya baa ya 7 ikiwa nusu toni tu mbele. Mwanzoni tumia mara moja kwa wimbo, inachosha haraka. Miksolidiani ninaipiga mwenyewe, sina ugomvi nayo, ila naitumia kama mahali pa kuokota noti za kupitia, si mahali pa kutua.

Kabla hajaondoka kijana aliuliza kuhusu ile diminishi kwenye simu yake, na safari hii swali lilikuwa zuri: "Mwalimu, naiweka juu ya kodi gani?" Nikamwambia, mwisho wa baa ya 4, pale A7 inapojiandaa kuingia D7. Wala huhitaji skeli nzima, chukua Bb peke yake, uzi wa 1 freti ya 6. Ni chungu juu ya A7. Shuka freti moja hadi A wakati D7 inapoingia, A ambayo ni ya tano ya kodi hiyo. Ipige kwenye pigo la nne la baa ya 4. Ukiipiga kwenye la kwanza, itabidi ukae nayo baa nzima.