Kabla ya kuajiriwa katibu hospitalini, jifunze dirisha la mapokezi

Vijana wanaomaliza uhazili, yaani masomo ya ukatibu, huniuliza kama ofisi ya hospitali ina tofauti na ofisi nyingine za serikali. Kwenye tangazo la kazi huwezi kuiona. Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania humtaka Mwandishi Mwendesha Ofisi, ndiye katibu kwa jina la kiserikali, awe na stashahada ya uhazili, awe amefaulu hatimkato (maandishi ya mkato ya kuandika haraka) ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika, na ajue kompyuta. Tofauti utaikuta dirishani.

Alasiri moja nilikuwa mapokezi na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Akafika mama, mtoto mgongoni, karatasi ya miadi mkononi. Kliniki ilikwisha zamani. Karatasi iliyotoka kwenye kompyuta ilisema 9:00. Mashine ilimaanisha saa tatu asubuhi, mama akasoma saa tisa, kama tunavyosoma saa zetu sote. Nauli imeshakwenda, mtoto hajaonwa. Tangu siku hiyo kila ninayemfundisha huandika kwa kalamu, juu ya maandishi ya mashine, "saa 3 asubuhi", kisha humwomba mgonjwa airudie kwa mdomo.

Majina nayo yanataka utulivu. Kliniki moja inaweza kuwa na akina Mwajuma Juma wawili, na faili likibadilishana, dawa nazo zitabadilishana. Uliza tarehe ya kuzaliwa, linganisha na namba ya faili, ndipo umwite. Ukichapa barua ya rufaa, angalia mara mbili neno kulia au kushoto, na nukta kwenye kipimo cha dawa: 0.5 ikipoteza nukta ni hatari. Mwandiko wa daktari usipousoma, mfuate umuulize, hata kama ana foleni. Kukisia hapana.

Halafu kuna siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Mtihani wenyewe lakini utakukuta nyumbani, shangazi akikuuliza fulani alifuata nini hospitali. Mwambie kwa adabu amuulize mwenyewe.

Ukipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, usikubali kuishia kwenye ofisi ya mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, peke yake. Omba wiki mbili kwenye chumba cha mafaili, uone vitabu vya MTUHA (mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za huduma za afya) vinavyojazwa, kisha ukae na anayeshughulikia fomu za bima.