Kinda wa kokatieli: kuruka si kujilisha

Wafugaji wa kokatieli, wale kasuku wadogo wa kishungi wenye asili ya Australia, huniuliza swali moja: kinda nimtoe lini kwa wazazi wake? Wengi huja na jibu lao mfukoni.

Dhana: Akishatoka kiotani na kuruka, anajitegemea.

Kinda huruka akiwa na wiki 4 hadi 5. Kujilisha ni habari nyingine: wengi hufika wiki ya 8, wengine hata ya 10. Hapo katikati mara nyingi baba ndiye mlishaji, maana jike keshaanza kuwaza mayai mapya. Ukimwona kinda kwenye bakuli akitafuna, usishangilie bado. Tazama sakafu ya tundu. Mbegu nzima zilizomung'unywa na kutupwa? Huyo anacheza. Anayekula huacha maganda matupu.

Mimi huwapima kwenye mizani ya jikoni kila asubuhi kabla hawajala. Kupungua kidogo wakati wa kuacha kulishwa ni kawaida, ila anayeshuka siku baada ya siku simtoi. Yule ambaye uzito wake umetulia namtenga kutwa nzima, na jioni napapasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Likijaa kwa juhudi zake mwenyewe, tunaweza kuzungumza.

Dhana: Ukitaka awe mpole, mchukue wiki ya 2 umlishe kwa sirinji.

Upole huletwa na mkono, si uji. Kinda aliye kwa wazazi wake, ukimshika dakika chache kila siku tangu akiwa na wiki 2 hivi, atakuzoea vizuri. Uji ndio wenye hatari: unatakiwa uwe na nyuzi 39 hadi 41 za Selsiasi. Ukizidi unaunguza gole; ukipoa unalala humo na kuchacha. Kidole si kipimajoto, hasa kwa uji uliotoka kwenye maikrowevu.

Dhana: Ukimgusa, mama atamkataa.

Jozi iliyokuzoea haijali. Inayowavuruga ni kelele, na wewe kuchungulia kila saa.

Dhana: Waache pamoja, si familia?

Familia, ndiyo, lakini wazazi wanaotaka kutaga tena huwanyonyoa makinda manyoya ya kichwani na mgongoni ili wawafukuze. Tena makinda huanza kupevuka wakiwa na miezi 6 hivi, na undugu hawaujui: baba hupanda binti, kaka hupanda dada. Kinda akinyonyolewa kabla hajajua kula, usikimbilie kumuuza. Gawa tundu kwa wavu. Baba humlisha kupitia matundu ya wavu.

Na mnunuzi asishtuke kinda akianza kulia kama kitoto kichanga siku za kwanza ugenini. Amtandazie suke la mtama sakafuni, bakuli lile lile alilozoea liwe karibu, na ampime.