Je, wajua? Mpira wa soksi hudundaje bila upepo?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu na nililitoa kwa kujiamini: mpira wa dukani unadunda kwa sababu una upepo, mpira wa matambara haudundi kwa sababu hauna. Likizo ya Desemba nikawaeleza wanangu hivyohivyo. Tulikuwa tumekaa mkekani na bibi yao, mbele yetu rundo la viraka, soksi zisizo na pacha, na tyubu ya baiskeli iliyozibwa hadi haizibiki tena. Bibi hakubishana. Alimaliza kushona mdomo wa soksi kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, akakata uzi kwa meno, akaudondosha mpira sakafuni. Ukadunda. Haukupanda sana, uliishia chini kidogo ya goti langu, lakini ulidunda, na watoto wakanigeukia.

Kosa langu lilikuwa kudhani upepo ndio chanzo cha kudunda, wakati ni njia mojawapo tu. Gololi ya kioo ukiidondosha kwenye vigae inaruka, na ndani yake hakuna mtu aliyepuliza kitu. Wenyeji wa kale wa Mexico walikuwa wakitengeneza mipira ya utomvu wa mti, imejaa ndani kama embe bichi, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na pampu hawakuwa nayo. Mfano ninaoupenda zaidi ni mpira wa besiboli wa ligi kuu za Marekani. Ukiuchana, unakuta kiini kidogo cha koki na raba, kisha uzi, na uzi, na uzi tena: zaidi ya meta 300, mwingi wao wa sufi, umezungushwa kwa kukazwa. Juu yake ni vipande viwili vya ngozi vilivyoshonwa kwa mkono, mishono 108. Basi. Ni binamu wa mpira wa bibi, ila amesoma shule ya kulipia.

Nilikuwa na kosa la pili, tena hili lilizaliwa na lile la kwanza. Nilimwambia mwanangu asikaze sana, ili hewa ibaki katikati ya vitambaa. Mpira wake ulitua pu! kama mfuko wa unga, ukatulia hapohapo. Bibi akamrudishia. “Kaza, mjukuu wangu. Huo si mtoto, haulii.”

Kwa nini kukaza kunasaidia? Mpira ukigonga sakafu, upande wa chini unabonyea. Nguvu iliyoushusha inaingia kwenye huko kubonyea, na mchezo mzima ni kiasi gani kitarudishwa. Fikiria daladala. Likiwa na abiria wachache waliosimama, dereva akikanyaga breki kila mtu anakwenda kivyake: mmoja anamkanyaga mwenzake, mwingine anamwangukia mama mwenye kikapu, nyanya zinamwagika. Nguvu imeishia kwenye kugongana na kusuguana, na hakuna anayerudi alipokuwa. Sasa likiwa limejaa hadi konda ananing’inia mlangoni, breki ikikanyagwa umati mzima unaegemea mbele kwa pamoja, unabanana, kisha unarudi nyuma kwa pamoja. Hapana nafasi ya kuteleza. Vitambaa vilivyolegea ni daladala la kwanza: vinasuguana, nguvu inageuka joto dogo usiloweza hata kulihisi, na mpira unabaki chini.

Ila kubanana ni nusu tu ya habari. Lazima kiwepo kitu kinachovutika na kurudi. Hapo ndipo soksi inapolishinda shati. Uzi wa pamba wenyewe hauvutiki sana, lakini soksi imefumwa kwa vitanzi vilivyoshikana. Ukiivuta vitanzi vinarefuka, ukiiachia vinajirudi, na mara nyingi kuna lastiki imefichwa humo. Bibi hujaza viraka kwenye kidole cha soksi, husokota shingo yake, huipindua na kuivisha tena juu ya mpira, mara tatu au nne, kila tabaka likilibana la chini yake. Kitanda cha kamba kilichokazwa upya hukurusha kidogo ukijitupa juu yake, kikilegea kinakumeza. Ni kanuni ileile.

Lakini upepo nao tusiuvunjie heshima. Wapo watoto wanaoweka katikati puto au, tuseme ukweli, kondomu za bure za zahanati, na humo upepo unafanya kazi yake sawasawa. Zamani sisi tulijaza mifuko ya rambo, ambayo Kenya ni juala. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, kwa hiyo kwetu sasa ni nguo tupu. Na uwanja una maneno yake: kwenye mchanga wa ufukweni hata mpira wa bei mbaya haudundi, maana mchanga ndio unaosogea na kula nguvu yote.

Wala hakuna mpira unaorudisha kila ulichopewa. FIFA hutaka mpira wa daraja la juu, ukidondoshwa kutoka meta 2 juu ya bamba la chuma, upande sentimeta 135 hadi 155. Yaani hata ule uliopita mtihani huacha angalau sentimeta 45 njiani.

Mpira wetu wa tatu tuliuzungushia vipande vyembamba vya ile tyubu, tumevivuta hadi vidole vinauma, kisha soksi ya mwisho juu. Tuliweka alama ya chaki kwenye fremu ya mlango: juu ya goti. Nakiri huo ni utafiti wa nyumba moja na mipira mitatu. Tatizo lililobaki si la fizikia. Ndani ya mpira huo kuna soksi ya shule ambayo pacha yake haikupotea, ilikuwa imeanikwa tu kambani. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na hakuna anayekubali mpira ufumuliwe.