Shimo jeusi linazunguka: umejuaje?

Barazani Jaws Corner, kahawa ikishamiminwa, mambo ya anga nayo hupenya katikati ya mpira na siasa. Mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, shimo jeusi lenyewe halitoi mwanga, mmejuaje kama linazunguka?" Swali lilikuwa zuri kuliko majibu yaliyotolewa pale.

"Eksirei zinatoka ndani ya shimo." Hazitoki. Kilichovuka ukingo hakirudi. Zinatoka nje, kwenye gesi ya moto inayolizunguka. Wala shimo halipigwi eksirei kama kifua hospitalini. Setilaiti zinapokea tu.

"Wanaliona likizunguka kama pia." Hakuna aliyeliona. Kinachosomwa ni chuma. Gesi imetandaa kama sinia, na eksirei zikiipiga, atomi za chuma hung'aa kwa nishati moja maalumu, kiloelektronivolti 6.4. Chuma kingetulia, kipimo kingeonesha mstari mwembamba. Lakini simama Darajani usikilize honi ya vespa: ikija, sauti nyembamba, ikishapita, nene. Gesi nayo vivyo hivyo, upande unaotujia mwanga wake huongezeka nishati, unaotukimbia hupungukiwa. Juu ya hayo, mvutano wa shimo unaukwangua nishati mwanga unaojinasua. Mstari unatanuka na kuota mkia upande wa nishati ndogo, na gesi ikiwa karibu zaidi na shimo, mkia unazidi kurefuka.

"Likizunguka kwa kasi, huisukuma gesi mbali." Kinyume kabisa, na hapa ndipo siri ilipo. Kwa shimo lisilozunguka, gesi haiwezi kukaa salama karibu zaidi ya mara 3 ya nusukipenyo chake (toka katikati hadi ukingoni), ikisogea, inatumbukia. Shimo lililokaribia kikomo cha kasi, likizunguka upande mmoja na gesi, huiachia isogee hadi kama sehemu 1 ya 6 ya umbali huo. Ukiupima mkia, umeupima mzunguko.

"Huo mkia ni mawingu ya gesi tu, yanayokinga mwanga njiani." Hii si ya barazani, wanasayansi wenyewe waliibishania tangu setilaiti ya Japani, ASCA, ilipouonesha mwaka 1995. Mwaka 2013, setilaiti ya Marekani, NuSTAR, inayoona eksirei za nishati kubwa, ikishirikiana na ya Ulaya, XMM-Newton, kuitazama galaksi ya NGC 1365, ilionesha kwamba mawingu peke yake hayatoshi. Shimo la huko, lenye uzito wa jua kama milioni 2, linazunguka kwa si chini ya asilimia 84 ya kikomo.

"Hayo ni mambo ya wenzetu." Hapa nakataa. Angahewa huzuia eksirei, kwa hiyo hata giza la Makunduchi halisaidii. Lazima upande juu. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kupokea eksirei za anga tu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi (ya Kenya, si hii yetu ya bandarini), bahari hii hii inayopiga Pemba. Kenya ilikuwa ikisherehekea siku yake, basi setilaiti ikaitwa Uhuru.