Alizeti iliyochanua haifuati jua

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba ua la alizeti hulifuata jua kutwa nzima. Pita jioni kwenye shamba lililochanua, Singida kwa mfano: maua mengi yameligeuzia jua kisogo.

Kinachofuata jua ni mmea mchanga. Mchana, upande wa mashariki wa shina hurefuka zaidi, kichwa kikaelemea magharibi. Usiku hurefuka upande wa pili, kikarudi mashariki kabla hata hakujapambazuka (hapo hakuna mwanga wa kufuata, ni saa ya ndani ya mmea inayofanya kazi). Shina likikomaa, kugeuka hukoma na ua hubaki limeelekea mashariki. Lina faida yake: hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hulipenda zaidi.