Je, wajua kwa nini duka moja la gemu huuza bila kufuli?

Nunua gemu ya kompyuta kwenye duka la mtandaoni liitwalo GOG, na unachopewa ni faili la kusakinishia, basi. Lihifadhi kwenye diski ya nje, lipeleke hadi kwenye nyumba isiyo na mtandao, lisakinishe kwenye kompyuta ambayo haijaonja intaneti mwaka mzima: gemu itafunguka. Haitaomba nywila wala kutafuta seva ya kampuni. Hata GOG yenyewe ikifungwa kesho, faili lako litaendelea kufanya kazi.

Kwingine mambo si hivyo. Gemu nyingi za kompyuta huja na kufuli la kidijitali, lile linalojulikana kwa herufi tatu, DRM. Ni programu iliyofumwa ndani ya gemu ili kuhakikisha kuwa anayecheza ndiye aliyelipa. Makufuli mengine hukagua akaunti yako kila unapofungua gemu. Mengine huhesabu umesakinisha kwenye kompyuta ngapi. Yapo yanayosoma alama za vifaa vilivyomo ndani ya mashine yako, yakazituma kwa seva, kisha yakarudishiwa kibali kinachoikubali mashine hiyo moja tu.

Mfanyabiashara gani basi anaacha mlango wazi kwenye soko ambalo kunakili bila kulipa ni jambo la kila siku? Jibu linaanzia Warsaw, mji mkuu wa Poland, kwa vijana waliokulia katikati ya uharamia wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Poland ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye utawala wa kikomunisti. Sheria ya kisasa ya hakimiliki ilipitishwa 1994. Kabla ya hapo soko la kompyuta la Warsaw lilijaa meza za diski zilizonakiliwa. Muuzaji hakujificha na mnunuzi hakuona kosa. Marcin Iwiński alikuwa mmoja wa vijana waliozunguka sokoni hapo na gemu mkononi. Mwaka huohuo wa 1994 yeye na rafiki yake wa shule, Michał Kiciński, walianzisha kampuni ya kuingiza na kusambaza gemu halali. Wakaiita CD Projekt, kwa kuwa CD ndiyo iliyokuwa habari ya mjini.

Mshindani wao mkubwa hakuwa kampuni nyingine. Alikuwa yule mtu wa mezani anayeuza gemu ileile kwa bei ya kutupa. Mwaka 1999 walipata haki ya kuuza Poland gemu iitwayo Baldur's Gate, kazi kubwa ya kampuni ya Canada, hadithi ndefu yenye maneno mengi kuliko vitabu vingi na iliyojaza CD tano. Wakaitafsiri yote kwa Kipolandi. Wakaajiri waigizaji ambao Mpolandi yeyote aliwajua sauti, akiwemo Piotr Fronczewski. Ndani ya sanduku wakatia ramani, kitabu kinene cha maelekezo na CD ya muziki.

Haramia naye angefanya nini? Kunakili CD tano kulimgharimu, kwa hiyo bei yake ilipanda na kuisogelea ile ya halali. Ramani hakuwa nayo, na kitabu hakuwa nacho. Nakala kama 18,000 ziliuzwa siku ya kwanza, katika nchi ambayo watu wa biashara walikuwa wameshaiandika kuwa ni ya wezi. Kwangu mimi, mzizi wa habari hii yote uko ndani ya sanduku hilo. Hawakuhangaika kumfungia haramia. Walitoa kitu ambacho yeye hakuweza kukitoa.

GOG ilizaliwa 2008 ndani ya kampuni hiyohiyo, na jina lake lilikuwa kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya gemu nzuri za zamani. Ilichukua gemu za enzi za mifumo ya zamani ya kompyuta, DOS na Windows 95, ambazo kompyuta mpya zilikuwa zimezikataa, ikazirekebisha hadi zikafunguka tena, ikaziuza kwa dola 5.99 au 9.99 pamoja na vitabu vya maelekezo na muziki wake. Gemu hizo zilipatikana bure kwa maharamia tangu zamani, lakini aliyezipakua huko alikesha akihangaika kuziwasha. GOG iliuza usingizi wa usiku huo. Kufuli lingekuwa na faida gani hapo? Lingemrudishia mteja taabu ileile aliyolipa ili kuiepuka.

Kampuni nyingine zilikuwa zinakwenda njia tofauti kabisa, na mwaka huohuo wa 2008 ulitoa mfano mchungu. Spore, gemu iliyosubiriwa kwa miaka, ilitoka na kufuli lililoruhusu kusakinisha kwenye kompyuta tatu tu. Wanunuzi waliwaka na kuishushia alama kwenye kurasa za mauzo, na maharamia wakaisambaza bila kufuli kwa wingi wa kutisha. Kisha Machi 2010 Ubisoft, kampuni kubwa ya gemu ya Ufaransa, ilitoa Assassin's Creed II kwa kompyuta, na safari hii ilibidi mchezaji awe mtandaoni muda wote, hata anapocheza peke yake. Mtandao ukikatika, gemu inasimama. Siku chache baadaye seva za kukagua kufuli zilishambuliwa, na watu waliolipa pesa yao halali wakafungiwa nje ya gemu yao. Baadaye Ubisoft ililegeza masharti. Msomaji anayeishi kwenye mtaa ambao mtandao unapotea mvua ikianza tu hana haja ya kuelezwa kwa nini sharti la namna hiyo ni dhuluma.

Lakini hapa lazima niseme jambo linaloonekana kupingana na yote hayo: duka linalopendwa kuliko yote lilianza kwa kufuli.

Duka hilo ni Steam, mali ya kampuni ya Valve ya Bellevue, jimbo la Washington, Marekani. Lilifunguliwa Septemba 2003. Novemba 2004 Valve ilitoa Half-Life 2, na hata aliyenunua sanduku lake kwenye duka la kawaida alilazimika kufungua akaunti ya Steam na kuunganishwa na intaneti kabla ya kucheza. Seva zililemewa, watu wakalaani. Miaka ishirini na ushee baadaye, Machi 2025, zaidi ya akaunti milioni 40 zilikuwa zimeingia Steam kwa wakati mmoja.

Kilichobadilika ni kile kilichokuja pamoja na kufuli. Kompyuta ikiibiwa, unaingia kwenye akaunti na kupakua gemu zako zote upya. Marekebisho yanakuja yenyewe. Ulipoishia jana kwenye kompyuta ya mezani unaendelea leo kwenye laptopu. Marafiki zako wapo humohumo, mauzo ya punguzo yanajulikana kwa tarehe, na tangu 2015 unaweza kurudishiwa pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujacheza zaidi ya saa mbili. Gabe Newell, mmoja wa waanzilishi wa Valve, alitoa hoja mwaka 2011 kwamba uharamia kwa kawaida ni tatizo la huduma zaidi kuliko bei, na mfano wake ulikuwa Urusi. Huko maharamia walitoa gemu kwa Kirusi mapema wakati wenye mali wakichelewa. Valve walipoanza kutafsiri na kuuza kwa wakati, Urusi ikawa miongoni mwa masoko yao makubwa Ulaya. Ni hadithi ya sanduku la Warsaw, imesimuliwa na mtu mwingine upande wa pili wa bahari.

Na kufuli la Steam halimlazimu kila mtu. Mwenye gemu ndiye anayeamua, na zipo gemu nyingi zilizonunuliwa Steam ambazo zikishasakinishwa hufunguka hata Steam ikiwa imezimwa.

Kinachowafunga wateja kwa Steam, nionavyo mimi, ni zile gemu mia mbili ambazo mtu ameshazilimbikiza kwenye akaunti yake. Huwezi kuzibeba ukahamia duka jingine, kama ambavyo mpangaji hahami na kuta za nyumba. EA, kampuni kubwa ya gemu ya Marekani, ilijaribu kuvunja mazoea hayo mwaka 2011 kwa kufungua duka lake na kuanza kuziondoa gemu zake mpya Steam, 2019 ikarudi. Ubisoft nayo iliondoka kwa miaka kadhaa, kisha ikarudi mwishoni mwa 2022. Epic Games, kampuni nyingine ya gemu ya Marekani, ilifungua duka lake Desemba 2018 ikiwa na mfuko mzito. Ilikata asilimia 12 tu ya mauzo ya mtengenezaji, wakati Steam ilikuwa inakata 30. Siku chache kabla ya Epic kufungua, Valve ilikuwa imetangaza kushusha makato hadi 25 kwa gemu iliyovusha mauzo ya dola milioni 10, na hadi 20 kwa iliyovuka milioni 50. Epic ikalipia gemu zipatikane kwake pekee kwa muda, na ikaanza kugawa gemu za bure, mtindo unaoendelea hadi leo. Mei 2020 ilipogawa gemu maarufu ya GTA V, duka lenyewe lilizimika kwa wingi wa watu.

Vita hivyo viliwapa watengenezaji pesa zaidi, nami nafurahi kwa hilo. Mnunuzi alipewa akaunti nyingine ya kukumbuka nywila yake. Umiliki haukuguswa.

Je, kufuli linazuia wizi? Kwa muda, ndiyo, na ni haki kulisema waziwazi. Kufuli maarufu zaidi leo ni Denuvo, la kampuni ya Austria, lililoanza kutumika 2014. Utafiti uliochapishwa 2024, uliochunguza gemu 86 zilizotumia Denuvo, ulikadiria kuwa likivunjwa mapema sana gemu hupoteza wastani wa kama asilimia 20 ya mapato. Likivunjwa baada ya wiki 12, hasara karibu haionekani. Kwa kampuni iliyotumia miaka mitano na mamia ya watu kutengeneza kitu kimoja, wiki hizo 12 ni uhai. Ninachodai ni kwamba wiki zikipita kufuli litolewe. Baadhi ya kampuni hulitoa. Nyingine huliacha likizeeka humo, likimsubiri mteja wa mwaka 2040 ambaye seva anayoihitaji haitakuwepo.

Mwaka 2011 CD Projekt wenyewe walipata kipimo kizuri. The Witcher 2, gemu waliyoitengeneza wao, ilitoka kwa namna mbili: za masanduku zilikuwa na kufuli, ya GOG haikuwa nalo. Ungetarajia maharamia wabebe ile iliyo wazi. GOG walieleza kwa mshangao kwamba iliyosambaa kiharamia ni ile yenye kufuli, iliyovunjwa, kwa kuwa kuvunja ndiyo sifa yenyewe. Ndani ya wiki chache za mwanzo CD Projekt ikatoa rekebisho lililoliondoa kufuli kwenye nakala zote.

Wasionekane malaika, hata hivyo. Baada ya hapo wanasheria wao walituma barua Ujerumani kwa watu walioshukiwa kupakua The Witcher 2 bila kulipa, wakidai mamia ya euro. Wateja walikasirika, na Januari 2012 kampuni ikaacha. Septemba 2021 GOG yenyewe ilianza kuuza Hitman ya 2016, gemu ambayo sehemu kubwa ya uhondo wake ilidai mtandao. Wateja waliona ni kufuli limevishwa kanzu, wakaishushia alama za chini, na Oktoba gemu ikaondolewa dukani. Mwaka huohuo duka lilipata hasara, likalazimika kujipanga upya na kurudi kwenye kazi yake ya asili. Kuuza bila kufuli ni msimamo wenye gharama: kampuni kubwa nyingi hazileti gemu zao mpya hapo, au huzileta miaka baadaye.

Sheria nayo imeanza kusikia tofauti kati ya kununua na kupewa ruhusa. Machi 31, 2024, Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014 isiyochezeka bila seva hizo, na walioinunua wakabaki na jina tu kwenye orodha. Baadaye hata ruhusa yenyewe ikafutwa kwenye akaunti zao. Kampeni iliyozaliwa na kisa hicho, Stop Killing Games, ilivusha saini milioni moja za wananchi wa Umoja wa Ulaya Julai 2025. California ilikuwa imeshapitisha sheria, inayotumika tangu Januari 1, 2025, inayokataza duka kuandika neno "nunua" kwenye bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja waziwazi kuwa anapata leseni. Steam ikaweka maelezo hayo kwenye ukurasa wa malipo. GOG ikajibu kwa kuwakumbusha wateja kuwa faili walilopakua hakuna wa kuwanyang'anya, na sheria yenyewe inaziacha nje bidhaa ambazo mteja anaweza kuzipakua na kubaki nazo moja kwa moja bila mtandao.

Desemba 2025 CD Projekt iliiuza GOG. Mnunuzi alikuwa Michał Kiciński, yule rafiki wa shule wa 1994, na duka likaahidi kuendelea kuuza bila kufuli. Mafaili yangu ya kusakinishia yako kwenye diski ya nje, ndani ya droo, na wiki iliyopita nililifungua moja kwenye laptopu kuukuu wakati bando limekwisha. Gemu ikaanza.