Dawa ya U.T.I. kwenye maji ya kuku

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwahi kufuga pamoja kuku wa nyama wa mbegu ya mwaka 1957 na wa mbegu ya 2005, wote kwa chakula kilekile. Siku ya 56 yule wa zamani alikuwa na wastani wa gramu 905. Wa kisasa alifika gramu 4,202.

Ndiyo maana leo kuku anauzwa akiwa na wiki tano au sita. Misuli inakimbia, mifupa na moyo vinabaki nyuma: wengine hulemaa miguu, wengine hujaa maji tumboni na kufa ghafla. Bei nafuu tunayoifurahia sokoni, wa kwanza kuilipia ni ndege mwenyewe.

Wa pili ni sisi. Kuku wakibanwa, maranda ya kulalia hulowa na hewa ya amonia hupanda. Ukiingia bandani macho yakawasha, kumbuka wao wamo humo usiku na mchana. Wakianza kukoroma, mfugaji hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na dawa ya kuchanganya kwenye maji. Mara nyingi haisaidii kitu, maana magonjwa ya kuku kama kideri na gumboro huletwa na virusi, na antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, haiui virusi.

Chukua enrofloksasini, dawa ya mifugo. Ikishaingia mwilini mwa kuku, sehemu yake hugeuka siprofloksasini, dawa ileile unayoandikiwa hospitali ukiwa na U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo) au taifodi. Bakteria aliyezoea moja huwa keshaizoea na nyingine. Marekani ilipiga marufuku enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005, baada ya kampilobakta, mdudu anayeleta kuhara, kuanza kuwa sugu.

Kila chupa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja au kuuza mayai. Hapo ndipo penye kishawishi: mteja amefika, chakula kimeisha, na kila siku ya ziada ni hasara. Simlaumu mfugaji peke yake. Bei tunayomshurutisha haina nafasi ya kusubiri. Lakini mabaki ya dawa hayaishi yote kwa kuchemsha, ingawa moto huua bakteria.

Kuna na samadi. Sehemu kubwa ya dawa hutoka na kinyesi, kinyesi huuzwa kwa wakulima wa mchicha. Kukiozesha vizuri kwanza husaidia, ila enrofloksasini hung'ang'ania udongo muda mrefu.

Mfugaji, chanja kwa wakati (kwa kawaida kideri siku ya 7 na 21, gumboro siku ya 14), geuza maranda, punguza kuku kwa eneo, na andika kwenye daftari tarehe ya dozi ya mwisho. Mnunuzi wa jumla, omba kuliona daftari hilo kabla ya kutoa pesa.